Rangi ya Fabrika Nayo Inadanganyaka: Habari ya Taksi Yetu

(Maneno haya yalisemwa mu mukutano wa chama chetu hapa Kipushi na ndugu wa komite mwenye kushugulikia mambo ya motokari. Tumeyaandika vile aliyasema, tumepunguza tu mahali alirudilia.)



Mu raporti ya kese mumeona musitari moja unaosema: "Rangi ya taksi, dolari 420." Najua ule musitari uliwauma. Mutu anajiuliza: motokari tulinunua ikiwa muzuri, inangaa, sasa mbele ya mwaka kuisha tunalipa rangi ya nini? Bengine balisema nilinunua motokari ya aksida, nikala feza ya katikati. Bandugu babili balikuya kuuliza kama banaweza kurudishiwa kotizasio yao. Na bafazili bao balituandikia kwa heshima kwamba fungu la pili litangoja mupaka tueleze. Niliomba Presida anipe nafasi nieleze. Nitasema yote, hata ile yenye kunihukumu mimi.

Nianze mwanzo. Ninyi munajua vile tulirudi. Bengine balitoka Zambia, bengine Angola, bengine Afrika ya Kusini, kila mutu na valizi yake na kazi aliyojifunza kule. Mimi kule Kitwe nilifanya kazi miaka mingi mu garaje ya kunyoosha tole na kupaka rangi. Tulipofikisha feza ya kutosha, likelemba yetu pamoja na musaada wa bafazili, tulikubaliana kununua taksi moja ya kufanya barabara ya Kipushi mupaka Lubumbashi. Ni kilometre 30 hivi, na batu bako kila siku: ba mama ba soko, banafunzi, bagonjwa. Mukasema: "Huyu anajua motokari, aende kuchagua." Nikaenda. Basi jina langu liko ndani ya ile motokari kuliko jina la mutu mwengine.

Ilikuwa motokari ya mukono wa pili kutoka Japani, nyeupe. Sitasema ni maraki gani, na mutaona kisha juu ya nini. Ilifanya ile njia munajua: meli mupaka Dar es Salaam, kisha barabara mupaka Tunduma, Zambia yote, na kuingia kwetu ku Kasumbalesa. Niliitazama nusu ya siku. Niliangalia ndani ya portiere, mu kona za kapo, chini ya kauchu za vitre. Kama mutu alipaka rangi upya, pale njo anaachaka alama: musitari wa rangi ku kauchu, ao boulo iliyokwaruzwa na ufunguo. Hakukuwa kitu. Rafiki moja alikuwa na kamashini kadogo ka kupima unene wa rangi, tukapima kila upande. Yote ilikuwa sawasawa, karibu mikroni 100.

Nieleze hiyo namba, maana tutairudilia. Mikroni 1,000 njo milimetre 1. Karatasi moja ya kawaida ya kuandikia ina karibu mikroni 100. Basi rangi yote ya motokari, tangu chuma mupaka juu, inene kama karatasi moja. Motokari nyingi zikitoka fabrika ziko kati ya 80 na 150. Ukipata 250 ao 300 upande moja, mutu alipaka tena pale. Ukipata 500, 1,000 na kupita, chini kuna mastiki, na chini ya mastiki kuna pigo. Yetu ilikuwa 100 popote. Nikarudi nikawaambia kwa kiburi kidogo: "Rangi ni ya fabrika, hakuna mukono wa mutu." Maneno ile ilikuwa kweli. Kosa langu lilikuwa kufikiri kwamba fabrika haikosaki.

Miezi ya kwanza ilikuwa muzuri. Kiangazi kikapita na vumbi yake, mvula ya kwanza ikaanyesha. Asubui moja shofere wetu alikuya kwangu mbele ya kuanza kazi. Akaniambia: "Yaya, kuya uone kitu." Juu ya motokari, karibu na vitre ya mbele, kulikuwa kilengelenge kidogo, kama punje ya maharagi. Nikakigusa na ukucha, rangi nyeupe ikatoka kama ganda la yai. Chini palikuwa rangi ya majivu, safi, laini.

Mutu wa kazi yangu akiona vile, roho inaruka. Rangi ya juu haikuwa imeshikana na ile ya chini. Na kama haikushikana pale, pengine haikushikana fasi ingine. Kazi ya haki ilikuwa kusimamisha motokari na kuleta neno mu komite ile wiki. Lakini nilifikiria vile mutasema. Nilifikiria batu ba mutaa, maana sisi bote tunajua wanavyotuita, "ba refijie", na wanavyongoja tuanguke. Nikamwambia shofere: "Ni kitu kidogo. Usiseme." Nikanunua kachupa ka rangi nyeupe, nikapaka pale, juu yake nikatia verni. Ikangaa. Nikalala muzuri ile siku.

Miezi mitatu kisha, motokari ilikuwa inaoshwa na maji ya nguvu. Maji yakaingia chini ya ile fasi nilipaka, yakanyanyua rangi nyeupe, kipande kikubwa kama kiganja cha mukono. Mwisho wa juma ilikuwa kama sahani. Kapo nayo ikaanza. Pasaje mumoja akacheka: "Hii mutuka inatoka ngozi kama nyoka!" Neno likaingia mutaa yote, na kutoka mutaa likaingia chama.

Sasa munipe ruhusa nieleze namna rangi inakaa ku motokari, maana bila kujua ile hamutajua kosa lilitoka wapi.

Fabrika haipakaki rangi moja. Inapaka nyingi, moja juu ya nyingine. Chini kabisa kuna tole ya chuma. Mu motokari nyingi za leo, ile chuma inapakwa zinki. Hapa Kipushi tusikie kidogo majivuno: zinki njo kitu kinatoka chini ya miguu yetu. Muna bazee hapa waliofanya mu muji huo wa mine tangu wakati wa Union Minière, kisha Gécamines, mupaka kazi iliposimama mwaka 1993, na munajua kwamba zinki ilianza tena kutoka mwaka 2024. Zinki inafanya kazi ya muzamini: maji na hewa vikikuya, yenyewe inakubali kuliwa mbele, chuma inabaki.

Juu ya chuma ile, motokari yote inazamishwa mu beseni kubwa ya rangi, na kurani ya umeme inavuta rangi ishike kila kona. Kisha inaingia mu furu ya moto. Hiyo njo ile rangi ya majivu niliona. Juu yake kunakuya apre, ya kulinganisha na ya kukinga jua. Kisha rangi yenyewe ambayo macho inaona. Na mara nyingi juu ya yote kuna verni. Yote pamoja, karatasi moja. Ukitoa tabaka moja, ao moja ikiwa nyembamba kupita, ao mafuta kidogo ya kidole yakibaki katikati, kazi inangaa vilevile siku ya kwanza. Inapita mbele ya mwenye kukagua mu fabrika, inapita mbele ya mununuzi, inapita mbele ya fundi kama mimi. Kosa linalala chini, linangoja jua.

Jua njo adui mukubwa wa ile kosa. Rangi zingine, zaidi nyeupe, zinaacha mwangaza upite mupaka ku tabaka ya chini. Ile ya beseni ni nguvu sana juu ya maji, lakini haipendi jua. Ikipigwa na jua miaka, uso wake unakuwa kama unga. Basi yenye iko juu yake inakosa fasi ya kushika. Na jua linapiga wapi? Juu ya motokari na ku kapo. Ku portiere linapita upande.

Hii haiko hadisi yangu. Mu Marekani, miaka ya 1980, Ford iliuzisha kamyoneti nyingi ambazo tabaka ya katikati ilikuwa imeachwa, ili kupunguza kazi na feza. Rangi ikaanza kutoka kama karatasi, na benye kununua bakapeleka mashitaka. Karibu na sisi zaidi: Toyota yenyewe, ambayo inajulikana kwa nguvu yake, ilikubali kwamba rangi zake zingine nyeupe ziliweza kutoka juu ya jua, ku motokari za mwisho wa miaka ya 2000 na za miaka ya 2010. Mu Marekani na Australia iliongeza garanti, benye motokari bakapakiwa upya pasipo kulipa. Nasema mifano ile ili mujue kwamba hata fabrika kubwa inakosaka. Yetu haikuwa ya moja ya zile kampuni mbili, na sitaki mutu atoke hapa anasema nilishitaki maraki fulani. Kitu cha kushika ni hiki: garanti ya namna ile inatumika mu inchi yake. Motokari ikishavuka bahari, ikauziwa mara ya pili, ikapita mipaka mitatu, hakuna karatasi inaifuata. Hapa Kipushi, garanti njo macho yetu na kese yetu.

Turudi ku ile siku ya hasira. Presida hakuniondoa, na hakunitetea. Alisema: "Tuite fundi mwengine, tupime mbele ya batu." Tukaenda Lubumbashi na ba memba batatu, mumoja wao ni mama yetu mukubwa anayekaa pale mbele, ku garaje ya tolie ambaye hakunijua. Akaleta kamashini kake.

Akaweka ku portiere: 102. Ku ubavu wa nyuma: 108. Ku kapo, mahali rangi ilibaki: 97. Ku kofre: 110. Akaomba kipande cha rangi kilichotoka, akakigeuza. Nyuma yake ilikuwa safi, hakukuwa mastiki, hakukuwa rangi ingine ya zamani. Akachukua skochi ya nguvu, akaibandika kando ya fasi iliyotoka, akaivuta mara moja. Ikaja na kipande kingine. Akafanya vilevile ku portiere: skochi ikaja mikono mitupu. Akasema: "Hii motokari haikupigwa. Rangi ni ya kwanza, lakini haikushikana fasi ya jua. Ni kosa la fabrika."

Nikapumua. Nikawaza: nimeokoka.

Njo mama akakaribia. Akanyoosha kidole karibu na vitre, ku ukingo wa ile fasi, akauliza: "Na hapa, uweke kamashini." Fundi akaweka. Ikasoma 262.

Mama akanigeukia. Hakupandisha sauti. "Mutoto yangu, kama rangi yote ni ya fabrika, ile ka rangi kengine ka hapa, ni nani alikaweka?"

Bandugu, kamashini kalekale kaliniondolea mashitaka ya bongo njo kalinikamata mu kosa la kweli. Nikasema: "Ni mimi, mama." Nikaeleza kila kitu pale pale mu garaje, na shofere akiwa anasikia.

Fundi akakwaruza pale nilipopaka. Chini ya verni yangu, maji yalikuwa yamefungiwa. Mahali ukucha wangu ulifika ku chuma, kutu ilikuwa imekula shimo kama kichwa cha musumari, na pembeni imetambaa. Nikamuuliza: "Kama ningefungua siku ya kwanza?" Akajibu: "Rangi ya juu ingetoka tu, ile haungeweza kuizuia. Lakini kutu hii haingekuwa."

Neno lake lilitusaidia kugawa muzigo kwa haki, na komite ilifuata vile. Kosa la fabrika ni la mutu hapana. Hilo tulilibeba pamoja mu kese. Kutu ilikuwa yangu. Kwa dolari 420, kazi ya kukata kutu, kuchomelea na kulinganisha pale ilikuwa 120, na ile 120 ilitoka ku fungu langu la likelemba, mwezi kwa mwezi. Iko imeandikwa mu kitabu, kila mutu anaweza kuomba kuiona. Siku 9 ambazo taksi ilisimama, hizo tulipoteza sisi bote, na ziko ku roho yangu.

Sasa kazi yenyewe, maana mu chama hiki mumoja ana taksi-bisi, mwengine ana pikipiki, mwengine anafikiri kununua kamyoneti, na vijana babili banajifunza rangi. Muandike.

Ya kwanza: rangi isiyoshikana haipakwi juu. Hata ukiweka verni ya bei gani, inashika ku kitu ambacho chenyewe hakishike. Unatoa na kikwangulio mupaka ukute ukingo unaokataa kutoka. Kwetu juu yote na kapo yote vilitoka, basi tulitoa yote. Ukiona nusu inakataa na nusu inatoka, fikiri sana mbele ya kuacha ile nusu.

Ya pili: unapita na papiye kavu, nambari 80, kisha 180, kisha 320, mupaka kidole kisisikie ngazi. Chuma ikiwa uchi usiipige maji, mu dakika chache inaanza kutu. Na mahali tole ina zinki, usisugue kwa hasira, utaondoa muzamini wake.

Ya tatu: mbele ya kupaka kitu, unapangusa mafuta na diliyana na kitambaa safi, na hauwekeki tena mukono. Mafuta ya kidole yanafanya rangi ifunguke vidoadoa, tunaviitaka macho ya samaki.

Ya ine: chuma uchi inataka apre ya epoksi kwanza, isiache maji kupita. Kisha apre ya kulinganisha, inayochanganywa na dawa ya kugandisha. Ikikauka, sasa unaweza kutumia maji na papiye 600. Kisha rangi, kisha verni. Nyeupe haziko sawasawa: ukipaka kiraka utaona kiraka. Tulichukua kode ya rangi ku kibati cha motokari, tukapaka juu yote na kapo yote, tukaishia ku mistari ambapo tole inakutana.

Ya tano: hapa kwetu kiangazi ni vumbi, masika ni unyevu. Tulingoja siku kavu, tukapaka asubui mapema mbele upepo haujaamka, tukamwanga maji chini ili vumbi lilale. Siku ya mvula, acha. Unyevu unaingia katikati ya tabaka, na wewe mwenyewe unatengeneza ile kosa unalaumu fabrika.

Ya sita, na hii nasema kwa bale vijana: dawa ya kugandisha iko na sumu ya kuingia mu mapafu. Inaweza kuleta asma ambayo pengine haitoke tena. Kitambaa ku pua hakisaidie kitu. Munatafuta maski ya kazi ya rangi yenye kukinga sumu ile, na munafungua milango. Kule Kitwe niliona fundi muzuri kunishinda anayeshindwa leo kupanda ngazi. Mu ile dolari 420 kuna maski mbili. Mutu asiulize juu ya nini.

Na mununuzi asiye na kamashini? Atembee na simaku ndogo ndani ya kitambaa laini. Ku tole yenye rangi ya kawaida inavuta kwa nguvu. Mahali kuna mastiki inavuta kidogo ao inaanguka. Aangalie motokari ku mwangaza wa asubui, akiinama, macho ikifuata tole kama mutu anayeangalia kama ubao umenyooka. Apitishe ukucha ku ukingo wa juu, karibu na vitre, na ku kona za kapo, maana kule jua na maji vinaanza. Akiona kilengelenge, asikubali neno "ni kidogo". Na ajue kwamba hata akifanya yote ile, kosa la fabrika linaweza kumupita, kama lilinipita mimi. Kwa hiyo abakishe feza kidogo pembeni, asimalize yote siku ya kununua.

Komite imekubali mambo matatu, na mimi ninayasoma kwa niaba yake. Moja: kuna kitabu mu taksi. Shofere akiona kitu chochote, doa, sauti, tone la mafuta, anaandika ile siku, na hakuna mutu mwenye ruhusa ya kumwambia "usiseme", hata mimi, zaidi mimi. Mbili: kila juma fungu ndogo ya mapato ya taksi inaingia mu kese ya matengenezo, isiguswe kwa matanga wala kwa arusi. Tatu: mu raporti kila kosa litaandikwa kwa jina lake. Njo sababu hamukuona "matumizi mengine" mu karatasi. Muliona "rangi ya taksi".

Kwa bafazili nasema: feza yenu haikuliwa. Iliingia mu motokari yenye kosa ambalo hatukuliona, na katika kosa lingine ambalo mimi niliona nikalifunika. La kwanza limetengenezwa. La pili ninalipa, na nimebakisha miezi miwili. Mukitaka kungojea mupaka nimalize, ni haki yenu.

Kwa shofere wetu, ambaye yuko nyuma pale karibu na mulango: mbele ya batu bote, ndugu, unisamehe. Ulisema kweli asubui ile, mimi nikakufunga kinywa. Kisha batu bakakudhania wewe pia.

Bazee banasema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa najua hiyo mezali tangu utoto, na haikunisaidia siku ya kilengelenge, maana woga unafika mbele ya mezali. Kile kingenisaidia ni kuwa na pahali pa kuandika na mutu wa kuambia asiyeanza na mashitaka. Kile kitabu kiko sasa. Na ninyi, mutu akikuya kuwaambia "niliona kitu", mumusikilize mupaka mwisho mbele ya kumuhesabia feza.

Motokari iko inje, chini ya muembe. Kamashini kako mu mufuko wangu. Mukutano ukiisha, mutu anayetaka atoke apime mwenyewe. Juu mutapata kati ya 180 na 220, maana sasa ni kazi ya mukono wetu, na iko inene kuliko ya fabrika. Fasi karibu na vitre itasoma zaidi kidogo. Pale njo kulikuwa ile kutu. Musishituke, muniulize, nitawajibu.